Sapatu za Mtoto wa Rafiki

Hospitalini alikofanya kazi kwa miaka thelathini na mmoja walimwita Mama Sindano, na jina hilo lilimponza. Hakuwahi kumdunga mtu hata siku moja. Kazi yake ilikuwa katika chumba cha ushonaji, ghorofa ya chini, mlango unaotazamana na chumba cha dobi: mashuka, foronya, mapazia ya wodini, majoho ya kijani ya chumba cha upasuaji. Lakini watoto waliolazwa wakisikia tu kwamba Mama Sindano anapita, walikimbilia chini ya vitanda, na yeye, aliyekuja kupima dirisha, alisimama na tepu yake shingoni akingoja vilio viishe.

Alipostaafu, jina lilimfuata nyumbani. Cherehani nayo ilimfuata, ile nyeusi ya miguu ambayo hospitali ilikuwa imeshaiandika kuwa mbovu. Aliifunga mkanda mpya, akaitia matone mawili ya mafuta, ikaanza kulia kama zamani.

Sasa alikuwa na miaka sabini na mmoja, mjane wa miaka saba, na siku zake zilifanana. Asubuhi alifungua madirisha, akachemsha chai, akala mkate wake akiwa amesimama. Saa mbili jirani wa mlango wa pili, mwalimu wa hesabu aliyestaafu na ambaye bado alikuwa na macho ya kipanga, alipita kumtungia uzi sindano sita. Alizichomeka kwenye kimto cha pamba, akanywa nusu kikombe, akalilaani goti lake, akaenda zake. Sindano hizo zilimtosha Mama Sindano mpaka jua lifike mguu wa meza. Zikiisha uzi, kazi ya mkono nayo imeisha kwa siku hiyo.

Kazi yenyewe ilikuwa sapatu, zile za kuvaa ndani. Juu kitambaa cha maua au mistari, ndani flaneli, chini tabaka tatu za blanketi kuukuu zilizopigwa mishono ya msalaba hadi zikawa ngumu kama kadibodi. Jozi moja ilimchukua siku tano. Hakuziuza. Zilikuwa za wanawe watatu na watu wao, na wanawe wote watatu walikuwa watu wa safari. Kifungua mimba alikuwa mpishi kwenye meli ya mizigo. Kitinda mimba aliolewa na mhandisi wa madaraja, na kila daraja likikamilika walifunga virago, wao na watoto wao wawili, wakaenda kuanza jingine. Wa katikati, mwanamume pekee, alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Huyu ndiye aliyepita nyumbani mara kwa mara, kila baada ya wiki tano au sita, akaliegesha lori kwenye kituo cha mafuta nje ya mji, akaja kwa miguu kunywa chai na mama yake kwa saa moja.

Sharti la sapatu lilikuwa moja, na watoto wote walilijua tangu mwanzo.

"Sitaki namba ya kiatu," alikuwa akisema. "Kila kiwanda kina arobaini yake. Nataka mguu."

Basi walimletea miguu. Kila mtu alikanyaga karatasi, akachorwa kwa kalamu kuzunguka unyayo, na karatasi ikaja kwa bahasha, au mkononi mwa Dereva. Mama Sindano aliitunza yote kwenye jalada moja, na aliyetaka kujua jinsi familia ile ilivyokua angeliona humo.

Miaka mitatu nyuma, Dereva alitoa karatasi mbili badala ya moja. Ya kwanza ilikuwa ya kwake. Ya pili ilikuwa na mguu mdogo, wa mtoto wa kama miaka mitano.

"Huyu nani?" mama akauliza.

"Mtoto wa rafiki yangu. Dereva mwenzangu. Aliziona zangu, akazipenda." Alikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka kitambo. "Kama una nafasi tu, mama."

"Nafasi ninayo."

Hakuuliza zaidi. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake. Chumbani mwa ushonaji vitu vilikuja vikiwa vimechanika na kuondoka vikiwa vizima, na habari za waliovivaa zilibaki ghorofa za juu. Alikuwa amezoea hivyo, akawalea watoto wake hivyo hivyo: aliyetaka kusema alisema, asiyetaka aliachwa.

Lakini macho hayaachi. Jioni ile, alipoweka karatasi mezani ili akate ruwaza, aliona kwamba aliyechora alikuwa na mkono wa subira. Hakupitisha kalamu juu juu kama wanaume wanavyofanya. Aliingia katikati ya kila kidole. Na kidole cha pili kilikuwa kimekipita cha gumba, kimepinda kidogo kwa nje. Mguu wa namna hiyo aliujua. Mume aliyelala pembeni yake miaka arobaini na mmoja alikuwa nao, na mwanawe wa kiume alizaliwa nao. Aligeuza karatasi. Nyuma yake ilikuwa fomu ya forodha ya kuingiza bidhaa, iliyoharibika muhuri, imeandikwa kituo cha mpakani, kile ambacho Dereva alipita kila safari.

Akairudisha mezani, akashona. Alichagua kitambaa cha samawati chenye vitone.

Mguu uliendelea kuja, kila baada ya miezi minane au tisa, na kila mara nyuma ya fomu ya forodha. Katika karatasi ya tatu palikuwa na maandishi, ya wino wa buluu, madogo na ya kunyooka: *Za mwisho zilimbana huku.* Mshale ulielekea upande wa nje. Dereva alikuwa jikoni akitafuta kijiko. Mama Sindano alikunja karatasi haraka kuliko ilivyohitajika.

Zile sapatu zilipokuwa tayari, aliandika kwenye kipande cha karatasi, akakikunja mara nne, akakichomeka ndani kabisa, kwenye ncha ya sapatu ya kulia: *Nimeongeza upana. Asivae miguu ikiwa na maji.*

Jibu lilikuja na mguu wa nne. *Asante mama. Anayetubebea hana habari kwamba nakuandikia.*

Alilisoma mara mbili, akajikuta anatabasamu peke yake, jambo ambalo hakulizoea. Akajibu: *Wala mimi sijamwambia.*

Mguu wa tano ulikuwa umerefuka sana. Pembeni yake paliandikwa: *Sasa anauliza anayemshonea ni nani. Nimjibu nini?*

Lile hakulijibu. Alishona jozi nzima, siku tano, na karatasi ya jibu ikabaki tupu kando ya mkasi. Mara mbili alishika kalamu. Hakuwa mtu wa kuandika mambo ya namna hiyo, na wala hakuona namna ya kuyaingiza kwenye ncha ya kiatu. Siku ya sita alimwomba mwalimu amwangalizie nyumba.

"Unakwenda wapi?" mwalimu akashangaa. Katika miaka yote ya ujirani wao hakuwahi kumwona akienda mbali kuliko soko.

"Kupima mguu," akasema.

Dereva alipokuja alikuta begi mlangoni.

"Safari hii nakwenda nawe," mama yake akamwambia, kabla hajaketi.

"Kwenda wapi, mama?"

"Unakokwenda."

"Mama, lori si basi."

"Najua. Basi lina watu wengi."

"Kampuni hairuhusu abiria."

"Mimi si abiria. Mimi ni mama yako." Akamsogezea kikombe. "Kunywa, baba, chai inapoa."

Alimtazama mama yake, akatazama begi, akanywa. Alikuwa na miaka arobaini na minne na mwili mpana kama ukuta, lakini mbele ya mwanamke yule hakuwahi kujua kubisha zaidi ya mara mbili.

Kupanda lori kulikuwa kazi. Ngazi zilikuwa tatu, ya kwanza ikiwa juu ya goti lake, na Dereva alilazimika kumsukuma kwa nyuma huku akiomba radhi. Alipofika juu alishangaa jinsi kulivyo pana: viti viwili, kitanda chembamba nyuma yake kilichotandikwa vizuri, chupa ya chai iliyofungwa kwa mkanda, na kwenye sakafu, chini ya usukani, sapatu za mistari alizomshonea mwaka uliopita. Zilikuwa mpya kama siku alipozitoa mkononi. Aliziona, akafunga mkanda wake.

Siku nzima ya kwanza Dereva alisema bila kupumua. Alisema habari za breki, za matairi, za askari wa barabarani, za kilima ambacho gari zito hukipanda kwa mwendo wa konokono, za dereva mmoja aliyesinzia akaamka shambani kwa watu. Alisema kila kitu isipokuwa kile. Mama Sindano alisikiliza. Kutoka juu kule aliona mapaa ya nyumba na ndani ya nyua za watu, nguo kwenye kamba, mwanamke anayefagia, na akagundua kwamba anapenda kuona mambo kutoka urefu ule. Usiku alilala kwenye kitanda cha nyuma, Dereva akalala kitini.

Siku ya pili mchana walikwama kwenye mizani ya kupimia malori. Mbele yao palikuwa na malori kumi na saba. Injini ilizimwa, na maneno ya Dereva nayo yakaisha. Alifuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

"Mama, kuna jambo."

"Sema."

"Yule mtoto wa rafiki yangu..."

"Ana miaka minane."

Mkono wa Dereva ulisimama kiooni. "Nani amekwambia?"

"Mguu wake. Ni mguu wa baba yako." Alitazama mbele, kwenye tela la lori jingine. "Wa kike?"

"Wa kike."

"Na mama yake yuko forodhani."

Akageuka mzima. "Hilo nalo ni mguu umekwambia?"

"Hilo ni karatasi."

Lori la mbele lilisogea, na la kwao likasogea, kisha wakasimama tena.

"Kwa nini hukuniambia?" mama akauliza. Sauti yake haikupanda. Hasira alikuwa nayo, lakini ilikuwa ndogo na imechelewa, na hakujua aiweke wapi.

Dereva alivuta pumzi. "Alipozaliwa, baba alikuwa ameshalala kitandani. Nikasema si wakati wake. Baba akafa, nikasema tumalize msiba kwanza. Nikaja siku moja nimeshapiga moyo konde, nikakukuta unashona, ukaniuliza chai au maji, nikasema chai. Nikaondoka. Kisha mtoto akaanza kutembea, akaanza kusema, akaanza shule. Sasa ningeanzaje, mama? Ningesema nini, kwamba nimekumbuka kitu?"

"Ungesema hivyo hivyo."

"Nilishindwa."

Alimtazama mwanawe kwa pembeni. Hakukuwa na sababu nyingine. Alijua akisema uongo hujikuna sikio, na mara hii hakujikuna. Mama wa mtoto hakuwa mke wa mtu, hakuwa mgonjwa, hakuwa na kasoro ya kufichwa. Kilichomshinda ni zile saa moja moja za chai, zilizopita bila mtu kuuliza.

"Zamu yetu," akasema. "Mbele pameachwa nafasi."

Mji wa mpakani ulikuwa barabara moja ndefu yenye ofisi za mawakala wa forodha pande zote. Nyumba ilikuwa nyuma ya ofisi hizo, vyumba vitatu vyenye sakafu ya saruji iliyong'arishwa kwa nta nyekundu. Mwanamke aliyefungua mlango alikuwa mwembamba, na kalamu imechomekwa kwenye nywele juu ya sikio. Alikuwa karani wa ofisi ya wakala mmoja. Kazi yake ilikuwa kujaza fomu kutwa nzima, na zilizoharibika alizichukua nyumbani. Alimwona mama mtu mzima amesimama nyuma ya Dereva, akajua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Dereva alianza hotuba. Alikuwa ameipanga tangu kwenye mizani. "Mama, huyu ndiye... yaani, na wewe, huyu ni mama yangu mzazi. Najua hamjawahi..."

"Tumefurahi kufahamiana," mkamwana akasema, macho chini.

"Tumefurahi," Mama Sindano akaitikia, uso mkavu kama wa hakimu.

Huenda siri yao wawili ingefichika, lakini mtoto alitokea chumbani. Alikuwa mrefu wa miguu, na meno mawili ya mbele yakiwa bado yanashuka. Alimtazama mgeni juu hadi chini.

"Wewe ndiye bibi wa vikaratasi?"

"Vikaratasi gani?" Dereva akauliza.

"Vya kwenye kiatu. Mama anaviweka kwenye kopo. Anavisoma jikoni."

Dereva alimgeukia mwenzake, kisha mama yake. Hakuna aliyemtazama. "Tangu lini?"

"Tangu za rangi ya machungwa," mtoto akasema.

Dereva aliketi kitini bila kutazama kiti kiko wapi. "Kwa hiyo miaka yote hiyo mimi nimekuwa posta."

Mkamwana ndiye aliyeangua kicheko kwanza, akaziba mdomo. Mama Sindano akamfuata, kicheko cha puani, kidogo. Dereva hakucheka siku hiyo.

Mama Sindano alimwita mtoto karibu. "Ulikuwa unauliza nani anakushonea."

"Ndiyo."

"Ni mimi. Mimi ni bibi yako, mzaa baba."

Mtoto alifikiri. "Sawa," akasema. Kisha, kwa kuwa sasa amempata mwenyewe, akatoa lile alilokuwa nalo: "Bibi, sapatu zako zinateleza."

"Wewe!" mama yake akamkemea. "Adabu yako iko wapi?"

"Mwache aseme. Zinateleza vipi?"

Mtoto alikimbilia chumbani, akarudi amezivaa zile za machungwa, ambazo sasa visigino vilimtoka nje. Akarudi nyuma hadi ukutani, akachukua mbio hatua tatu, akasimama wima, akateleza kutoka mlango wa mbele hadi kwenye friji bila kusogeza mguu.

"Hivi," akasema.

Mama Sindano alitazama sakafu, akatazama miguu. Blanketi juu ya nta. Ilikuwa jambo dogo, na lilikuwa wazi kabisa, na katika miaka kumi na mmoja ya kushona sapatu hakuwa amewahi kumwona mtu yeyote akitembea nazo. Alizitoa mkononi, zikaondoka.

Kesho yake asubuhi alimpigia simu kitinda mimba.

"Sapatu zangu," akamwambia baada ya salamu. "Zinateleza?"

"Kidogo tu, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu zile za kwanza." "Mume wangu alianguka nazo jikoni. Alikaa nyumbani siku mbili."

"Na mlizifanyia nini?"

"Tunazivaa kitandani, mama. Ni nzuri sana kitandani."

Alikata simu, akakaa nayo mkononi. Mkamwana alikuwa anapanga fomu zake za siku.

"Mkwe," Mama Sindano akamwita. "Mimi natisha?"

Mkamwana hakuharakisha kujibu, na kwa hilo Mama Sindano alimheshimu. "Hutishi, mama. Ila hata mimi ningekuwa mwanao nisingejua pa kuanzia. Huulizi."

"Niliona kuuliza ni kumbana mtu."

"Pengine kuna anayetaka kubanwa."

Mama Sindano alichukua sapatu zote za mtoto, jozi tano, akazipanga kwenye meza kuanzia ndogo hadi kubwa, akamtuma Dereva kwenye karakana ya malori alete tyubu lililochakaa. Aliliosha kwa sabuni, akalikata vipande vya unyayo kwa mkasi wa jikoni, akapaka gundi, kisha akaanza kushona ukingoni. Mpira ulikuwa mgumu. Sindano ya kwanza ilikatika, ya pili ikapinda. Siku ya tatu alipata mkono wa kazi ile: tundu zitobolewe kwanza kwa msumari, uzi upite baadaye. Mkamwana akirudi kazini aliketi pembeni yake akatoboa, na mtoto akashika tochi pasipo haja ya tochi.

Jozi mpya ilipokamilika, mtoto alizivaa, akarudi ukutani, akachukua mbio zake, na akasimama pale pale alipokanyaga kiasi cha kukaribia kuanguka kifudifudi.

"Zimeharibika," akasema kwa masikitiko.

Mama Sindano alikaa siku sita, mpaka Dereva alipopata mzigo wa kurudi. Hapakuwa na machozi wakati wa kuagana. Mkamwana alimfungia mkate na mayai ya kuchemsha, na mtoto akamuuliza kama atamletea kitu.

"Kitu gani?"

"Sijui. Kisiwe kiatu."

Njiani Dereva alisema kidogo kuliko safari ya kwenda. Karibu na ile mizani aliuliza kama mama yake amemkasirikia. Mama Sindano alisema ndiyo, kidogo, lakini inapungua. Dereva akashukuru, akawasha redio.

Likizo ya shule ilipofika, mkamwana na mtoto walikuja kwa basi, wakakaa siku kumi na mbili. Mtoto alivunja kikombe kimoja na akakataa maziwa. Mwalimu wa hesabu alijaribu kumfundisha kugawanya, wakagombana. Walipoondoka nyumba ilionekana kubwa kwa siku mbili tatu, kisha ikarudi kuwa ya kawaida.

Wiki iliyofuata kifungua mimba alipiga simu, kama alivyopiga kila meli ilipotia nanga. Kwa kawaida mazungumzo yao yalikuwa ya dakika nne: hujambo, sijambo, bahari vipi, shwari. Safari hii Mama Sindano hakufika kwenye bahari.

"Mwanangu," akasema, "kuna jambo hujaniambia?"

Alikuwa ameuliza vibaya, kama askari, na alijua. Hakuwa na mazoezi.

"Una nafasi, mama?"

"Ninayo."

Ndipo kifungua mimba akasema kwamba hayuko melini. Ameshuka miezi mitano sasa. Mgongo ulimshinda, sufuria za kulisha watu ishirini na sita si mchezo. Yuko kwenye chumba cha kupanga katika mji wa bandari, anapika kwenye mgahawa mdogo, na daktari amemkataza kuinua kitu chochote kizito. Alisema yote bila kupumzika, kama mtu aliyeyakariri.

Mama Sindano alivuta kiti, akakaa. Aliuliza mgongo unauma upande gani. Aliuliza chumba kina dirisha. Aliuliza nani anamnyanyulia maji. Maswali mengine yalikuwa ya maana na mengine hayakuwa, lakini aliyauliza yote, moja baada ya jingine, na binti yake akayajibu. Chai ilipoa mezani. Mwishoni alimwambia kitanda cha chumba cha nyuma kipo, godoro ni gumu, linafaa mgongo. Kifungua mimba akasema atafikiri. Mwezi uliofuata akaja, na masanduku mawili, akasimama mlangoni akingoja mtu wa kumbebea.